Nilikwenda Dar kupima jiji, Unguja wakanipokea na kiti cha magurudumu

Wakuu, amani iwe kwenu, wa bara na wa visiwani, mnaochangia na mnaopita kimya kama mie.

Kila wiki humu ndani hapakosi uzi wa Dar na Zanzibar, ipi zaidi. Mmoja anatupia picha ya daraja la juu, mwengine picha ya mlango wa nakshi, wa tatu anatukana, uzi unafungwa.

Leo naleta ushahidi wa mtu aliyeilinganisha miji hii miwili huku ndoa yake ikining'inia katikati. Yamenifika mwenyewe. Pale nitakapoonekana mjinga, jueni hapo ndipo penye ukweli zaidi.

Kwanza mnijue.

Mie ni fundi wa mafeni na pasi, mtoto wa Malindi, Mji Mkongwe. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo tuyaache yapumzike.

Tunaishi ghorofa ya pili, karakana yangu iko chini. Yaani kazini nnafika kwa ngazi. Mvua ikinyesha mie sirowi.

Safari yangu ya mbali kabla ya mkasa huu ilikuwa Bwejuu, harusini kwa ami yangu. Nilianza kuulizia gari ya kurudi kabla biriani halijapakuliwa. Marafiki wananiita Kufuli.

Sasa akaja Saumu.

Saumu ni wa Magomeni, Dar. Alikuja kusoma kozi fupi chuoni Tunguu, feni la chumbani kwake likafa, mwenzake akamwelekeza kwangu. Nikalitengeneza. Haukupita muda akarudi, feni limekufa tena.

Wakuu, mie ni fundi mzuri. Lile feni halikufa kwa bahati mbaya, na hadi leo hakuna kati yetu aliyekiri nani alilegeza waya.

Kozi ikaisha, akarudi kwao, tukabaki na simu. Maneno yakakolea mpaka tukafika kwenye ndoa. Hapo tukakwama. Tukaishi wapi?

"Mimi nije Unguja?" akasema. "Nikinunua kitunguu kimoja sokoni Darajani, kabla sijafika nyumbani nimeshaulizwa kwa nini sikununua viwili. Hapana, kaka. Nitakufa na macho ya watu."

"Na mie nije Dar? Mji ambao jirani unamjua kwa rangi ya geti lake?"

"Wewe Dar hujaiona hata kwa bahati mbaya."

"Na weye ulikaa Tunguu kule, minazi na vitabu. Mjini hujakaa."

Tukabishana hivyo muda mrefu, mpaka ikawa kila simu inaanza na mapenzi na kuishia na jiografia. Mwisho Saumu akachoka.

Akaleta sharti. Mie niende Dar nikae wiki. Kisha yeye aje Unguja akae wiki. Kila mmoja aseme ukweli wake kwa kiapo. Atakayekubali kuwa mji wa mwenzake unakalika, ndiye atakayehama. Kama hakuna atakayekubali, tuagane kwa wema, kila mtu abaki na mji wake.

Nikakubali. Nilikuwa nshajijua. Mtu aliyeshindwa Bwejuu, Dar ataiweza wapi? Nilijiona nshamkosa Saumu.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya ndugu zetu wa bara.

Kwetu huku, posa haisemwi mpaka iive. Ukiitangaza mapema, ikavunjika, aibu ni ya nyumba nzima. Ikifanikiwa, utaambiwa kuna jicho. Kwa hiyo Mama, Bi Zuhura, akanikalisha chini.

"Usimwambie mtu. Si Kombo, si Mgeni, si paka. Wakiniuliza mie nitasema yuko safarini, basi."

Mzee Kombo ndiye mwenyekiti wa baraza ya kahawa chini ya nyumba yetu. Hakuchaguliwa na mtu, alikaa tu. Bi Mgeni ni jirani wa dirisha kwa dirisha, kichochoro chembamba kiasi kwamba akipika yeye, tunapiga chafya sisi. Ndiye aliyenilea nusu. Ukitaka habari isambae, mwambie. Usipotaka isambae, atakuwa anayo tayari.

Basi nikatoka na kibegi changu asubuhi na mapema, nimeinamisha kichwa, nikapanda boti.

Dar.

Nilifikia Ilala kwa binamu yangu Makame, mtoto wa Unguja aliyehamia huko siku nyingi. Siku ya kwanza akanituma mkate dukani.

Nikatoka. Nikafanya kama nilivyolelewa. Kila nnayekutana naye, salamu. "Asalaam alaykum, mmeamkaje? Watoto hawajambo? Kazi zinakwendaje?"

Wakuu, mtaa ulinikimbia.

Mama mmoja alibana mkoba kwapani na kuvuka barabara. Kijana akanitazama kuanzia viatu. "Bro, tunafahamiana?" Mzee mmoja alipokea salamu vizuri tu, akaniuliza, "Haya, unauza nini?"

Nikarudi na mkate na huzuni. Makame akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ndugu yangu, hapa ukimuuliza mtu usiyemjua hali ya watoto, anakwenda kuwahesabu."

Siku hiyo nilitaka kurudi. Naapa. Kibegi nilikishika.

Lakini kesho yake jioni likatokea jambo dogo. Nilisikia njaa nikiwa njiani, nikasimama kwa muuza chipsi mayai, nikala. Nimesimama. Barabarani. Mtu mzima. Nikamaliza, nikaagiza nyengine.

Nikangoja.

Hakuna aliyeniuliza kwani nyumbani hawakupika. Hakuna aliyeniambia salamu zako nitampa mama yako. Muuza chipsi mwenyewe hakuniangalia usoni, alikuwa anaangalia mafuta yake.

Nilihisi kitu kifuani, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu utotoni.

Toka hapo nikaharibika kabisa. Nilipita mbele ya duka moja, nikarudi, nikapita tena, hakuna aliyeuliza natafuta nini. Nilicheka peke yangu, hakuna aliyeita shehe. Saumu alinitembeza ufukweni, shangazi yake akiwa nyuma yetu anahema, tukala mahindi ya kuchoma na hakuna aliyesema yule si mtoto wa Bi Zuhura?

Na nikanunua kaptura.

Wakuu wa Unguja nisameheni. Ilikuwa ya kijani, inaishia gotini. Fundi mzima mwenye ndevu, nikaivaa Kariakoo mchana kweupe, magoti yangu yakaona jua kwa mara ya kwanza tangu madrasa.

Siku ya mwisho Saumu akaniuliza, uso umemkaza. "Haya, kwa kiapo. Umeionaje?"

"Wallahi Saumu, mji huu umenikosha roho."

Akapiga kigelegele pale pale kituoni. Watu hawakugeuka. Unaona? Dar hiyo!

Mashindano yakawa kama yamekwisha. Nilikuwa nshapiga hesabu ya karakana Ilala. Lakini makubaliano ni makubaliano, lazima naye aje.

"Nakuja kukamilisha tu," akasema. "Na kukusaidia kufunga nguo zako."

Sasa nirudi nyuma kidogo, niwaambie yaliyokuwa yakipikwa Unguja wakati mie nnakula chipsi. Hayo nilikuja kuyajua baadae.

Asubuhi niliyoondoka, Mzee Kombo aliona karakana imefungwa. Karakana yangu haijawahi kufungwa. Akamuuliza Mama. Mama akasema, "Yuko safarini."

"Safari ya wapi?"

"Dar."

"Kuna nini?"

Mama akanyamaza.

Wakuu, kwa Muunguja yeyote hesabu hiyo ni nyepesi. Kufuli, mtu asiyevuka Darajani, kavuka bahari. Kimya kimya. Na mama yake hasemi. Anakwenda kutibiwa huyo, nini tena?

Katikati ya wiki nilikuwa na figo moja. Siku iliyofuata ile moja nayo ikaanza kusumbua. Ijumaa nikaombewa dua msikitini, na imamu, Mungu amlipe, akaomba nipate mwisho mwema.

Mama maskini kakaa katikati ya siri na uongo. Akikanusha, ataulizwa kwani kafuata nini. Akinyamaza, uji unaletwa. Akawa anapokea uji, anashukuru, anakunywa.

Siku ya kurudi, Bi Mgeni akamuuliza nnarudi na boti gani. Hilo alilijibu.

Basi tukashuka bandarini. Mie mbele na kibegi, Saumu pembeni yangu, shangazi yake Bi Tatu nyuma, kijani kama ile kaptura, maana bahari ilimtapisha njia nzima.

Nikasikia sauti nnayoijua tangu utotoni.

"Usitembee! Usitembee mwanangu! Mshikeni!"

Nikainua macho. Nusu ya mtaa. Mzee Kombo kavaa kanzu ya Idi. Wanawake wamejitanda kanga. Na mbele ya wote Bi Mgeni, machozi yanamtoka, anasukuma kiti cha magurudumu.

"Bi Mgeni, shikamoo, kuna nini?"

"Marahaba baba yangu. Usijichokeshe kusema." Akanishika tumbo. "Ya Rabbi, kashaanza kujaa maji!"

Yalikuwa ni chipsi, wakuu. Chipsi za wiki nzima.

"Bi Mgeni, mie mzima."

"Wote husema hivyo," akajibu Mzee Kombo, kisha akamgeukia Saumu kwa heshima zote. "Ahsante sana nesi wetu. Utatuambia dawa anakunywa saa ngapi."

Nilimtazama Saumu. Macho yamemtoka, mdomo wazi. Yale yote aliyokuwa akiyaogopa yalikuwa yamempangia mstari bandarini na kumletea kiti. Nikasema moyoni, kwisha. Huyu hatamaliza hata wiki, atarudi na boti hii hii.

Mie nikasukumwa kwenye kiti, nikakataa. Wakanishika, nikajitoa. Vuta nikuvute mbele ya watalii, wanapiga picha.

Ghafla nyuma yetu Bi Tatu akaugua, "Jamani mimi naona giza." Kabla hatujageuka, kakipita kibegi changu, kampita Mzee Kombo, kakaa kwenye kiti cha magurudumu. Akapanga miguu vizuri. Akafumba macho.

"Haya ndiyo mapokezi," akasema. "Twendeni."

Kisha Saumu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya kibegi changu. Bi Mgeni hakuelewa kitu, lakini mgonjwa ni mgonjwa, akasukuma.

Tukaingia vichochoroni kwa msafara. Kila mlango watu wanatoka.

"Vipi mgonjwa?"

"Ndiye huyu!"

"Kumbe mwanamke?"

Tulipofika nyumbani mtaa wa nyuma walikuwa washasikia kwamba nilikwenda Dar mgonjwa, nikarudi nimebadilika.

Bi Tatu akapandishwa ngazi na vijana wa mtaa, akawekewa mto, akaletewa uji wa pilipili manga uliokuwa wangu. Akapakwa mafuta miguuni. Hali yake ikazidi kuwa nzuri, lakini kila akiulizwa alisema bado kidogo.

Sebule ikajaa. Bi Mgeni akapangusa macho, akanigeukia.

"Haya, sasa tuambie. Hospitali wamesema nini?"

Mama akaangalia sakafu. Mie nikaangalia feni. Siri ya nyumba ilikuwa bado siri.

Lakini Saumu ni mtoto wa Magomeni, mambo ya kuiva na kutoiva hayajui.

"Hakuna hospitali, mama," akasema. "Alikuja kwetu kwa ajili ya kunioa. Mimi si nesi."

Nilisikia kijiko cha uji cha Bi Tatu kikigota bakuli. Basi.

Bi Mgeni akasimama. Hakumtazama Saumu, hakunitazama mie. Alimtazama Mama.

"Zuhura. Mie nimelia wiki nzima. Nimefunga na Alhamisi. Unakunywa uji wangu, unanitazama. Kwa posa?"

"Mgeni, dada yangu..."

"Mie niliyempakata huyu!"

"Haijaiva, Mgeni. Nliogopa."

"Uliniogopa mie?"

Akajifunga kanga yake akatoka, na wanawake wote nyuma yake. Ngazi zikalia. Mama akaanza kulia. Tangu niwe na akili, dirisha la Bi Mgeni sijawahi kuliona limefungwa mchana. Lilifungwa.

Saumu akanishika kiwiko. Hakuwa anacheka tena. "Nimeharibu?"

Niliona Unguja nshaikosa, na yeye nshamkosa pamoja nayo.

Tukakaa hivyo. Alasiri ikaadhiniwa. Mama akaswali, akakaa juu ya msala, hakunyanyuka.

Kisha ngazi zikalia tena. Nzito. Bi Mgeni kaingia, uso bado umekunjana, kabeba sufuria kubwa na vijana wawili wamebeba jengine.

"Nilipika pilau la dua," akasema. "Pilau halijui kama ni la dua au la posa. Sogezeni mkeka."

Mama akamrukia shingoni. Wakalia wote wawili, wakagombana huku wakilia, wakapakua. Kigelegele cha kwanza alikipiga Bi Tatu, kwa nguvu ambayo mgonjwa hanayo.

Tukiwa tunakula nikamuuliza Bi Mgeni, kwa upole, jambo lililokuwa likinikera. Ugonjwa wangu waliuamini vipi? Mama hakuwaambia neno.

Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mie mwanzo sikuamini. Nikasema labda kaenda kununua vipuri. Lakini mtoto wa dada yangu yuko Kariakoo, akakuona. Akatuma picha. Mtu mzima na akili zake, kaptura ya kijani, anacheka peke yake barabarani!" Akatikisa kichwa. "Nikajua ugonjwa ushapanda juu."

Picha wameiona wote, wakuu. Mzee Kombo kaiona. Imamu kaiona, ndiyo maana aliomba vile.

Ule uhuru wangu wote ulikuwa na shahidi.

Basi wiki ya Saumu ikaanza rasmi. Nilitegemea akimbie. Wakuu, yule mwanamke aliogelea.

Siku ya pili alipotea vichochoroni. Hakuuliza njia, kabla hajafungua mdomo mtu akamwambia, "Kwa Bi Zuhura kata kushoto." Mbele kidogo mwengine, "Kushoto tena, mwanangu." Kapokewa kwa sauti hadi mlangoni.

"Dar nikipotea napotea kweli," akaniambia. Alikuwa kama mtoto aliyepanda bembea.

Alikwenda Darajani akanunua kitunguu kimoja, nadhani makusudi. Bi Mgeni yuko dirishani. "Mwanamwali, kimoja tu?"

"Cha kesho nitaazima kwako."

Kichochoro kizima kikacheka. Mzee Kombo akamwaga kahawa. Toka hapo ikawa Saumu hivi, Saumu vile. Akawa ananisimulia habari za mtaa nilozaliwa mie. Kumbe fulani kanunua friji. Kumbe wale wa kona hawasemeshani. Mie miaka yote niko chini nafunga waya, sijui lolote.

Wiki ikaisha. Tukakaa sebuleni, Mama na Bi Tatu wakijifanya wanachambua mchele.

"Kwa kiapo," nikasema. "Umeionaje?"

"Mimi sitoki hapa."

"Naam?"

"Nimesema sitoki. Kule nikiumwa nani ataniletea uji?"

"Saumu, mie nshaikubali Dar! Nshamwambia Makame anitafutie fremu ya karakana!"

"Utakwenda peke yako."

"Unguja wanakuchungulia mpaka kwenye kikapu!"

"Waache wachungulie, na mimi nachungulia cha kwao! Dar kila mtu na lake, utazeeka hujulikani jina!"

"Hiyo ndiyo raha yenyewe!"

Mnaona tulipofika? Mie mwana wa Malindi naipigania Dar, mwana wa Magomeni anaipigania Unguja, kila mmoja kwa mishipa ya shingo. Na kwa sharti letu, wote tumekubali, basi wote tuhame. Mie niende kwao, yeye abaki kwetu. Ndoa gani hiyo?

Nikamuona macho yanamlowa. Tulikuwa tumeshinda wote na tunakaribia kuachana.

Ndipo dirisha la Bi Mgeni likasema.

"We Kufuli! Unataka kwenda mji usikojulikana, na huko ushajulikana na kaptura?"

Na chini barazani sauti ya Mzee Kombo: "Muoe akae hapa! Ukitaka chipsi zako nenda wiki moja moja, sisi tutajifanya hatujui!"

Nikacheka. Nilijaribu kujizuia, haikuwezekana. Saumu alikuwa ashacheka kabla yangu. Bi Tatu akatupa ungo, mchele ukatawanyika.

Wakuu, wajomba zake walikuja kutoka Magomeni, na posa ikapokelewa madirisha yote yakiwa wazi. Sasa sie ni mume na mke, Malindi, ghorofa ya pili.

Nilichojifunza ni hiki. Mji wako huujui mpaka umuone mgeni anaupenda. Mie Dar nilipenda kutojulikana, yeye Unguja alipenda kujulikana, na kila mmoja alikuwa na njaa ya chakula cha nyumba ya mwenzake. Kwa hiyo mnaopigana humu kwa picha za maghorofa, mnapoteza bando. Nendeni mkakae wiki, kisha mrudi tuzungumze.

Na kama mnahesabu matokeo, mie nimeshindwa mara mbili. Nilipoitaka Unguja sikuweza kuitetea, nilipoitaka Dar nikaolewa Unguja. Sijawahi kushindwa vizuri namna hii.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Dar semeni, wa Unguja semeni, wa Arusha na Mwanza nanyi msibaki nyuma. Matusi yawe ya kiasi, kuna wazee wanasoma.

Saumu kaniuliza sasa hivi kutoka jikoni nnaandika nini muda wote huu. Nlitaka kumwambia nnatafuta bei ya vipuri.

Bi Mgeni kashamjibu.